Nikimsajili Kashata, huenda nikampoteza

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa nimetoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Leicester. Viatu sijavua, na mbwa amejilaza juu ya miguu yangu. Yeye ndiye shauri lenyewe.

Sisi ni watu wa Muheza. Nilikuja Uingereza mwaka 2023 kwa viza ya wahudumu wa afya na wazee, mume wangu na kijana wetu wakanifuata mwaka huohuo. Kijana ana miaka 11. Mwanzo ulimshinda. Kiingereza chake kilikuwa kinachekwa, akirudi shule anajifungia chumbani mpaka chakula cha usiku. Basi Machi mwaka huu mume wangu akaingia na mbwa, hakuniuliza wala hakunidokeza. Alimwona kwenye tangazo la simuni, wakakutana na muuzaji kwenye maegesho ya supamaketi, akatoa pauni 300 taslimu. Muuzaji alidai anahamia Hispania. Risiti hakuna, kadi ya chanjo hakuna. Tulipewa blanketi na kopo moja la chakula.

Kijana alimwita Kashata kwa ajili ya rangi yake. Mama yangu alipomwona kwenye video aliuliza kwa mshangao, "Analala ndani? Na nyie mnalala wapi?" Lakini Shangazi, yule mbwa ametutolea mtoto chumbani. Kila jioni anamtembeza, na siku hizi wenzake watatu wa mtaani wanaandamana naye.

Mei tulimpeleka chanjo. Muuguzi wa kliniki akampitishia kifaa nyuma ya shingo, kikalia. Akaisoma namba, akatazama kompyuta, kisha akaniuliza, "Huyu ndiye Bella?" Nikaduwaa. Akanieleza kwamba mbwa ana chipu na amesajiliwa kwa mtu mwingine, mji mwingine. Jina la mtu huyo wala simu yake haruhusiwi kunipa. Akasema sheria inamtaka anayekaa na mbwa sasa aandikishe jina na anwani yake, akanipa karatasi yenye jina la kampuni inayotunza sajili hiyo. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua mambo.

Usiku ule nikaifungua fomu kwenye simu. Nilijaza kila kitu. Mwisho kabisa ikaandikwa kuwa watamtafuta mtu aliyesajiliwa na kumuuliza kama anakubali mbwa ahamishwe. Kidole kikagoma. Nikajiuliza, je, kama aliibiwa? Nikaifunga ile fomu na sijaifungua tena hadi leo.

Usiku wa tarehe 5 Novemba, Waingereza walipolipua fataki zao, Kashata aliruka uzio. Tulimtafuta mpaka saa nane usiku. Kesho yake ofisa wa mbwa wa kaunsili, yaani halmashauri ya mji, akamleta mlangoni. Alikuwa ameisoma chipu, akaipiga namba iliyo kwenye sajili, haikupokelewa, ndipo akatumia namba yangu iliyochongwa kwenye kibati cha ukanda wa shingoni. Aliongea kwa upole, lakini aliacha notisi: siku 21 taarifa za mbwa ziwe zimerekebishwa, la sivyo tunaweza kupelekwa mahakamani na kutozwa faini isiyozidi pauni 500. Zimebaki siku 13.

Mume wangu anasema mbwa ni wetu, tumemlipia, tumemchanja. "Kwetu nani amewahi kumdai mbwa kitambulisho?" Rafiki yake wa kazini, kule ghalani, amemshauri tumwekee chipu nyingine juu ya ile ya zamani, au tumpeleke kwa binamu yake Birmingham mpaka mambo yapoe. Nikitaja tu neno wizi, anainuka na kutoka.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Usiku mmoja wote wamelala, nilisimama jikoni nikaita taratibu, "Bella." Akageuza kichwa akanitazama. Tangu siku ile nimekuwa kama mtu aliyeficha kitu cha watu uvunguni.

Kijana hajui lolote. Naogopa viza yetu. Naogopa kubonyeza kile kitufe na naogopa kutobonyeza. Na usiku, nikiwa nawageuza wazee vitandani, najiuliza kama kuna mtoto mwingine mahali fulani anayemlilia mbwa huyuhuyu. Je, mimi ni mwizi, Shangazi?

Mwenye mbwa asiye wake, Leicester

*

Marahaba, mwanangu.

Nianzie jikoni, maana naona ndipo ulipojihukumu. Uliita "Bella" kwa sauti ya chini, nyumba imenyamaza, mbwa akageuka. Leo usiku simama palepale, kwa sauti ileile, umwite "Mwiko". Kisha "Sufuria". Usishangae akigeuka mara zote mbili. Mbwa huitikia sauti ya mtu anayempenda, hata kama ni saa saba za usiku na anaitwa vyombo. Huenda kweli aliwahi kuitwa Bella. Muuguzi ndivyo alivyosoma. Lakini kuwahi kuitwa jina jingine si ushahidi kwamba aliibiwa, na wewe umeyaunganisha mambo haya mawili kwa uzi wa wasiwasi mtupu.

Nikikusikia vizuri, una hofu tatu zilizofungwa kitita kimoja: hofu ya kaunsili na viza, hofu ya kumpoteza mbwa aliyemtoa mwanao chumbani, na ile ya kukaa na kitu cha mtu. Ya kwanza imekuja na karatasi na tarehe, kwa hiyo ndiyo inayopiga kelele. Nahisi inayokunyima usingizi ni ya tatu. Maana tangu Mei ulikuwa unalala vibaya, na wakati huo notisi ilikuwa haijaandikwa.

Turudi kwenye chipu yenyewe kwanza. Ni kidude cha ukubwa wa punje ya mchele, kinakaa chini ya ngozi, kati ya mabega. Hakina betri, hakijui mbwa yuko wapi, wala hakimtaji mwenye mbwa. Kimebeba namba tu, kwa kawaida tarakimu 15. Jina, anwani na simu vinakaa kwenye sajili za kampuni, nazo haziko moja wala mbili. Hapa England mbwa wote wametakiwa kuwa na chipu tangu tarehe 6 Aprili 2016, na mtoto wa mbwa anatakiwa awe nayo kabla hajapita wiki nane. Kuweka chipu kumekuwa jambo la kawaida. Kinachosahaulika ni ile safari ya pili, ya kubadilisha taarifa mbwa anapohama mikono. Sheria inasema mbwa asikabidhiwe kwa mtu mpya kabla ya kuwa na chipu na taarifa zake, na kama wa zamani hakuandikisha mabadiliko, mzigo unamwangukia mpya. Yaani wewe. Yule bwana wa maegeshoni ameondoka na pauni zenu 300, akawaachia na kazi yake.

Sasa fikiria njia ambayo Kashata huenda ameipita. Aliyesajiliwa anaweza kuwa alimwuza miaka miwili iliyopita kwa jirani. Jirani akampa shemeji. Shemeji akahama, akaweka tangazo. Katika mlolongo huo hakuna mwizi, kuna wavivu watatu. Na ile simu isiyopokelewa? Mtu anayemtafuta mbwa wake kwa machozi huwa haiachi simu iite bure. Lakini sitaki kukupa faraja ya bei rahisi: watu hubadilisha namba, huugua, hufa, na pengine ofisa alipiga wakati mwenye simu yuko kazini kama wewe. Bei ya pauni 300 bila karatasi hata moja nayo si dalili nzuri, na nadhani mumeo analijua hilo kuliko anavyokubali kusema.

Kuna neno moja la sheria ambalo ungepaswa kuambiwa pale kliniki. Aliyeandikwa kwenye sajili anatambuliwa kama mtunzaji, yaani mtu ambaye mbwa anaishi naye kwa kawaida. Hatambuliwi kama mmiliki. Hapo kisu kinakata pande zote. Jina la yule mtu wa mji mwingine peke yake halimfanyi Kashata kuwa wake, na siku jina lako litakapoingia, peke yake halitamfanya kuwa wako. Umekuwa ukikiona kile kitufe kama hukumu, mwanangu, kumbe ni barua tu inayotumwa kuuliza.

Kuhusu ushauri wa rafiki wa ghalani sitazunguka. Chipu ya pili haifuti ya kwanza. Kifaa kinaweza kuzisoma zote mbili, na mtu mwenye chipu mbili zenye majina mawili anaonekana kama aliyekusudia kuficha, hata kama hakukusudia. Kuhusu kuitoa ya zamani kwa wembe wa mtaani, naomba neno hilo lisitajwe nyumbani kwako. Ni ukatili kwa mnyama, na sheria itauita hivyohivyo. Na Birmingham? Binamu atakuwa na mbwa yuleyule, namba ileile na wajibu uleule, na nyinyi mtakuwa mmemkabidhi mbwa ambaye taarifa zake mlikwisha kuonywa kwamba haziko sawa.

Njia ya kukaa kimya ndiyo inayokuvutia, na siicheki. Miezi sita ilikupa mtoto anayecheka. Ila itazame na upande wake wa pili. Kashata akitoroka tena bila ukanda, ofisa ataishia kwenye ile namba isiyopokelewa, na mbwa asiyedaiwa anakaa kwa kaunsili siku saba tu kabla hawajaruhusiwa kumpa mtu mwingine. Akigongwa na gari, kliniki itakayompokea itamtafuta mtu wa mji mwingine kwanza. Na kuhusu viza: huyu ofisa ni wa kaunsili na anashughulika na mbwa. Hakuja kuhesabu pasipoti. Hatari iko kwingine. Notisi ikipuuzwa, shauri likaenda mahakamani, mkatiwa hatiani, hapo mnakuwa na hukumu, na fomu za viza huuliza kuhusu hukumu. Kwa hiyo notisi uliyonayo mkononi haijakuharibia kitu. Kuitupa kwenye droo ndiko kunakoweza.

Sasa njia ya kubonyeza. Kampuni itamwandikia aliyesajiliwa. Asipojibu mpaka muda waliompa uishe, kwa kawaida usajili huhamishwa. Akikubali, yamekwisha, na pengine utapata hata tarehe ya kuzaliwa ya Kashata. Akikataa, kampuni haina kazi ya kuamua nani mwenye haki. Itakiacha kilichoandikwa kama kilivyo na kuwaachia nyinyi mzungumze, au polisi, au mahakama ya madai. Hapo ndipo penye miiba. Kununua kwa nia njema hakukufanyi mwizi, na hilo ndilo jibu la swali lako la mwisho: la, aliyenunua bila kujua si mwizi. Lakini kununua kwa nia njema hakukifanyi kitu cha wizi kuwa chako siku ileile. Tena tangu Agosti 2024 kuna sheria hapa inayohusu wizi wa mbwa na paka peke yao, kifungo hadi miaka mitano, nayo haigusi kuchukua tu, inagusa na kumzuia mbwa asirudi kwa mwenye haki naye. Sisemi hivi kukutisha. Nasema ili uone kwamba kutojua na kujua ukanyamaza ni mahali pawili tofauti, na wewe bado umesimama mahali pa kwanza.

Ndiyo maana nimeipenda zaidi, kama jambo la kufikiria tu, njia ya katikati ambayo hukuitaja. Muuguzi yule wa Mei anaweza kuombwa aipigie kampuni ya sajili na kuuliza swali moja: je, namba hii imewekewa alama kwamba mbwa amepotea au ameibiwa? Hahitaji kukupa jina la mtu. Unaweza pia kutafuta kwenye tovuti ya DogLost, ambako watu wa nchi nzima huweka picha za mbwa waliopotea. Na ofisi za Citizens Advice hutoa ushauri bure. Waelezee kisa chote kabla hujagusa kitufe. Hata ofisa aliyemleta mbwa mlangoni anapigika simu. Mtu anayempigia zikiwa zimebaki siku 13 na kusema "nimekwama hapa na hapa" anasikilizwa tofauti na anayepigiwa siku ya 22. Mwombe akujibu kwa maandishi.

Lakini njia hii nayo ina gharama yake, na lazima niiseme. Ukiuliza, utajibiwa. Leo unaweza kujiambia kwamba pengine ni wavivu watatu. Ukisikia kwamba kuna alama, hutaweza kurudi kwenye pengine. Jiulize kama uko tayari kwa jibu hilo, na kama hauko, ni nini kingekufanya uwe tayari ndani ya siku hizi chache.

Tuje kwa mumeo, maana barua yako imempitia haraka. Alikuwa anamtazama mwanae akinyauka katika nchi aliyomfuata mkewe. Akachukua pauni 300, ambazo kwa familia ya watu wawili wa shifti si pesa ndogo, akarudi na dawa iliyofanya kazi. Wewe unaposema "huenda ni wa wizi", nadhani yeye anasikia "ulitapeliwa", na pengine "umetuletea balaa". Mwanaume gani atakaa kuyasikiliza hayo? Halafu kumbuka, katika nyumba hiyo ni yeye peke yake aliyemwona muuzaji. Ujumbe wa simu, picha ya tangazo, siku aliyotoa pesa benki, vyote viko kwake, na vyote ndivyo vitakavyoonyesha kwamba mlinunua kweupe. Unamhitaji awe shahidi, nawe kwa miezi sita umekuwa unamkaribia kama mshtakiwa. Huenda ukijaribu mlango mwingine, kwamba "hebu nisimulie ile siku ulivyomleta", asiinuke.

Kijana nimemwacha nyuma makusudi kwa sababu sina uhakika naye, na sitajifanya ninao. Ukimwambia mapema, utampa majuma mawili ya kulala amemkumbatia mbwa kwa hofu. Usipomwambia, na mtu akaja kubisha hodi, atajifunza siku moja kwamba mbwa anaweza kuondoka na kwamba mama alijua. Miaka 11 ni mingi kuliko tunavyodhani sisi wazazi. Wapo watoto wa umri huo ambao wangekuwa wa kwanza kuuliza lile swali unalojiuliza wewe ukiwageuza wazee, la mtoto mwingine. Wako ni yupi? Wewe ndiye unayemjua.

Na huyo mtoto mwingine, kama yupo. Umemchora analia, na inawezekana. Inawezekana pia ni bibi aliyeingia nyumba ya wazee kama hiyo yako, akamwachia mjukuu mbwa, mjukuu akamwuza bila kumwambia. Inawezekana ni mtu ambaye akipata barua kwamba Bella yupo Leicester, ana chanjo, anatembezwa kila jioni na watoto wanne, atashukuru na kusema mbakie naye. Wapo waliosema hivyo. Wapo pia waliopanda gari siku hiyohiyo kwenda kumchukua wao. Nisingekuwa mkweli nikikutajia kundi moja tu.

Umesema unatoka shifti asubuhi, na simu za kliniki kwa kawaida hazianzi kupokelewa mpaka watu wa mchana wafike. Katikati hapo kuna muda wa chai ya watu wawili, kijana akiwa ameshaenda shule. Usianze na notisi wala wizi. Mwulize mumeo gari la yule muuzaji lilikuwa la rangi gani, na Kashata alikaa kiti gani wakati wa kuja nyumbani.

Shangazi